Ubeti Nilioahidi Kuuruka

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, karibu, ila usiharakishe kunionea huruma. Subiri kwanza umalize.

Naima ndiye mie, wa Kunduchi Mtongani. Tulikuwa wanne tuliojitia kuanzisha kikundi cha taarabu: Mwishehe kwenye kinanda, Benson kwenye gitaa la besi, mie mwimbaji, na Tabu, shoga yangu tangu chuo cha Kurani, mwitikiaji. Onyesho letu la kwanza jenereta iliungua. La pili mvua ilitutawanya kabla sijafungua kinywa.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Tabu alivyonililia begani akanipa siri ya nyumbani kwao. Mama yake, Bi Somoe, mjane wa miaka mingi, ameolewa kwa siri na Mzee Hashil, mwenye duka la vitambaa kule Kawe, mtu mwenye mke na watoto wakubwa. Kila Alhamisi Mzee Hashil huliacha gari msikitini, watu wajue yuko darasani, kisha huzunguka kwa miguu hadi mlango wa uani wa Bi Somoe.

Na niliwaeleza nilichoifanyia siri hiyo. Sikuipeleka kwa jirani, wala sikuirusha kwenye simu. Niliitia kwenye wimbo.

Tabu alipousikia mazoezini alininunia. Baadaye akasema haya, wimbo mtamu, na nani atajua. Nilimkumbatia nikamwita dada. Moyoni nilikuwa nafurahia ubeti wangu.

Sasa sikilizeni ulivyonitokea puani.

Mwishehe alikuja siku moja anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Tumepata shughuli," akasema. "Ukumbini Kawe, harusi ya wazito. Bendi yao imewatosa dakika za mwisho."

"Harusi ya nani?" niliuliza.

"Sijui ya nani. Mie nimeulizwa mnaweza, nikasema tunaweza. Ila ni wanawake watupu. Sie wanaume tutapigia nyuma ya pazia."

Huo si mtindo mgeni. Wapo wenye shughuli zao wasiotaka mwanamume awaone wanawake wakiwa wamevua mabaibui yao. Wapigaji hufichwa nyuma ya pazia zito, mwimbaji peke yake ndiye anayeonekana.

Benson, kijana wa bara aliyekuja kuipenda taarabu ukubwani, akakuna kichwa. "Sasa braza, mie nitajuaje kama wanacheza au wamekwenda kula pilau?"

"Naima ndiye macho yetu," Mwishehe alijibu. "Mtunzaji akisimama mbele na noti yake, ubeti hauondoki. Tunaurudia mpaka mwenyewe atosheke akakae. Naima, akija mtu kutunza, piga pazia teke. Tukilisikia teke, tunarudia."

"Sawa," nikasema. Mwishehe wazee wake walishaleta posa kwetu, na mie siku zile kila alilosema lilikuwa sawa.

Ishara ya kurudia tukawa nayo. Ishara ya kuacha hatukuipanga. Nani alifikiri kwamba sie, wa jenereta na mvua, tungefika mahali pa kuombwa tusiache?

Siku ilipofika tuliingia ukumbini baada ya swala ya alasiri. Udi unanukia, viti vimevikwa vitambaa vya dhahabu, wanawake wamejipamba. Mwishehe na Benson wakatumbukizwa nyuma ya pazia kwa mlango wa pembeni kama mizigo. Mie na Tabu tukasimama mbele.

Nilikuwa natengeneza ushungi wangu Tabu aliponivuta mkono.

"Naima, unajua hapa ni kwa nani?"

"Kwa nani?"

"Kwa mke mkubwa. Anayeolewa ni Alya, binti yake Mzee Hashil. Na mama yangu yule pale."

Nikatazama. Kweli, Bi Somoe alikuwa ameketi mstari wa tatu, kajifunika ushungi wa kijani, katulia.

"Amefuata nini huku?"

"Amealikwa pamoja na majirani wote wa mtaa, angekataa angesemaje? Naima, nakuomba. Ule ubeti wa tatu uruke."

"Nauruka."

"Niapie."

"Wallahi, Tabu. Nauruka."

Niliapa bila kupepesa macho. Na nawaambia ukweli, wakati ule nilikuwa na nia hasa ya kuuruka.

Mara akatujia mama mmoja mrefu, mweupe, kavaa dera la zambarau, mikono imejaa hina mpaka viwikoni. Ameshika chupa mbili za maji. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla shughuli haijaanza, lakini alikuwa anacheka.

"Nyie ndio waimbaji wangu?"

"Shikamoo," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mie Wahiba, mama wa bibi harusi. Mmekula?"

"Bado, ila tuko sawa."

"Mtu haimbi na njaa. Mkimaliza awamu ya kwanza mje jikoni mwenyewe niwapakulie. Wewe mweusi mzuri unaitwa nani?"

"Naima."

"Naima, ukinifurahishia mwanangu leo, nitakuombea dua mpaka uchoke kuitikia amina."

Akatupa maji, akaenda zake. Tabu alikuwa anaangalia sakafu. Mie niliangalia mgongo wa yule mama, nikatamani angekuwa mkorofi. Ningepumua.

Tukaanza.

Sijui niwaambie nini juu ya wimbo wa kwanza. Spika zilipiga mluzi mpaka watoto wakaziba masikio. Benson, asiyeona mtu wala kitu, alianza kabla ya Mwishehe, na Mwishehe akamfuata kwa sauti nyingine. Mie niliingia katikati yao nikiwa sina pa kushika. Sauti ikanikauka kwenye neno la pili.

Wimbo wa pili nilisahau maneno. Nikarudia ubeti wa kwanza, nikautabasamia, nikidhani watu hawatagundua.

Wakagundua. Wanawake wa pwani huwadanganyi kwa taarabu. Bibi mmoja mstari wa mbele aliyeshika tama akasema, wala hakujisumbua kunong'ona, "Hawa wameokotwa wapi? Si bora wangeweka za kwenye simu."

Wakaanza kupeana migongo, wengine kupiga soga, wengine kutazamana kucha. Bibi harusi mwenyewe alikuwa anamwambia kitu dada yake, wote wanacheka. Na mie nilijua wanachocheka.

Tulipomaliza wimbo wa tatu makofi hayakuwapo. Bi Wahiba akanisogelea taratibu, akanizungushia mkono begani ili watu wasione anachosema.

"Mwanangu, usiogope. Hamna wimbo wenu wenyewe? Hizi za watu wanazijua, wanawapimia. Waimbie kitu hawajakisikia."

"Tunao mmoja," nikasema.

Tabu alinitazama. Nilimwona vizuri kabisa. Nikageuka upande wa pazia nikasema, "Mwishehe, wetu."

Nilidhamiria kuimba beti mbili tu. Ubeti wa kwanza ulipita, migongo miwili mitatu ikageuka. Ubeti wa pili, yule bibi aliyeshika tama akaondoa mkono shavuni. Kiitikio cha Tabu kikakaa pale pale panapotakiwa:

*Msinihoji jirani, nimepewa sikuiba.*

Mara ya pili wanawake wakakidaka wenyewe, wakaitikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wasionijua walikuwa wanaimba nilichoandika mie, kwenye kitanda changu, Mtongani. Mwishehe nyuma ya pazia naye alishika moto, kinanda kikawa kinaongea.

Ukumbi mzima ukawa unanitazama, unasubiri kuna nini mbele. Na mbele kulikuwa na ubeti wa tatu.

Wasomaji wangu, ningeweza kusema ulimi uliteleza. Ningeweza kusema muziki ulinipeleka. Sivyo. Nilikuwa na nafasi nzima ya kiitikio ya kufikiri, na nikafikiri. Nikajiambia nani atajua. Nikajiambia ni mara moja tu. Niliutaka ule ubeti kuliko nilivyomtaka Tabu. Nikafumba macho nikauimba:

*Gari li msikitini, mwenyewe yumo uani,*
*Mwadhani yu darasani, kumbe yu kwangu chumbani,*
*Kanzu yaja na mikunjo, naipiga pasi ndani,*
*Nyie mna jina lake, mie ninaye moyoni.*

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, miluzi, watu wamepanda juu ya viti. Na wa kwanza kuinuka kuja kutunza alikuwa Bi Wahiba.

Alikuja anacheza, noti kaishika kwa ncha ya vidole, kiuno kinakwenda pole pole kwa heshima ya utu uzima wake. Anayetunza kwenye mpasho anaufanya wake, anaowalenga wanajijua. Bi Wahiba alikuwa anaugeuza ubeti, anawapiga nao vijembe wezi wote wa waume duniani, huku akizunguka na kumnyooshea kidole kila aliyekaa, anacheka. Alipofika kwa Bi Somoe akamnyooshea na yeye, kama wengine. Bi Somoe akacheka, akapiga makofi.

Angefanya nini? Mpasho ukiimbwa, anayetoka nje ndiye mwenye nao. Hilo kila mwanamke wa pwani analijua. Ilibidi akae acheke.

Tabu pembeni yangu alinyamaza. Kiitikio kilipofika hakuitikia. Hakuna aliyegundua, maana ukumbi wote uliitikia kwa niaba yake.

Bi Wahiba akanibandika noti kwenye paji la uso. "Rudia, mwanangu," akasema. "Huo huo."

Nilitaka kuhamia ubeti wa nne. Nikamwambia Mwishehe kwa nyuma, "Twende mbele," lakini kwa zile kelele angesikia nini? Nikapiga pazia teke ili nimshtue. Nilisahau teke maana yake nini. Kinanda kikarudi mwanzo wa ubeti wa tatu.

Nikarudia. Msiniulize kwa nini sikunyamaza. Mama mwenye shughuli yuko mbele yangu anacheza, ukumbi umesimama, kinanda kimeniita. Nikaimba.

Safari hii Bi Wahiba alikuwa karibu nami, anayasikiliza maneno. Nilipofika kwenye gari na msikiti, bado anacheza. Nilipofika darasani, mabega yakapunguza mwendo. Nilipofika kwenye kanzu na pasi, akasimama.

Mikono yake ilibaki hewani. Aliniangalia mdomo, akawa kama mtu anayesoma kibao cha njia.

Nyuma ya pazia Mwishehe alisikia vigelegele, akajua mtunzaji bado yupo. Kanuni ni kanuni. Akaurudisha tena. Nikapiga teke, akaongeza sauti. Nikapiga jingine, na Benson naye akakoleza besi. Mie sikuimba, lakini wanawake walikwisha kuushika, wakauimba wenyewe, ubeti mzima, wanamwimbia Bi Wahiba usoni bila kujua.

Bi Wahiba akaninyang'anya kipaza sauti.

"Ngojeni," akasema.

Sauti za wanawake zikafa mstari kwa mstari. Kinanda kikaendelea peke yake kidogo, kisha nacho kikakatika. Akanishika mkono wa kushoto kwa mkono wake wenye hina. Hakunibana. Kipaza sauti kilikuwa bado karibu na mdomo wake, sijui kama alikumbuka kwamba kinasikika.

"Mwanangu, haya maneno umeyatoa wapi?"

"Ni wimbo tu, Bi Wahiba. Nimetunga."

"Gari na msikiti mtu atatunga. Darasa mtu atatunga." Alikuwa anasema taratibu. "Mie mume wangu anakwenda darasani kila Alhamisi na kanzu yenye mikunjo ya kutwa nzima dukani, anarudi imepigwa pasi. Miaka miwili sasa. Nilimuuliza, akaniambia ni upepo wa feni za msikitini unainyoosha. Nikacheka, nikaamini. Kitu hiki sijapata kumwambia mtu, hata wanangu. Wewe kakwambia nani?"

Ya pasi nayo nilikuwa nimeambiwa na Tabu, siku ile aliponililia begani.

"Kuoa si dhambi," akasema. "Ameruhusiwa. Lakini leo nimecheza. Mbele za wageni wangu nimecheza, nikatunza."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Angenizaba kofi lingeniuma kidogo kuliko yale maneno.

Akageuza macho, yakamwangukia Tabu. Tabu alikuwa amejiziba uso kwa ushungi, mabega yanatikisika.

"Na huyu mwenzio analia nini?"

Tabu akazidi kuuvuta ushungi usoni.

"Binti, nakuuliza wewe. Analia nini mtu ambaye hayamhusu? Mama yako nani?"

Nikamwona Bi Somoe kule mstari wa tatu. Kisahani cha halua kilikuwa mkononi mwake, na hakuwa anacheka tena. Tabu alifungua mdomo. Nilijua akisema neno moja tu, liwe lolote, yamekwisha.

Nikamtangulia.

"Ni wangu," nikasema.

"Nini chako?"

"Mlango. Mlango wa uani ni wangu, Bi Wahiba. Pasi naipiga mie. Huyu analia kwa sababu alinikataza."

Ukumbi ulivuta pumzi mara moja. Na nyuma ya pazia kitu kikaanguka, kiti au kinanda, sijui. Halafu nikaisikia sauti ya Mwishehe, ya chini, ya mtu asiyeamini masikio yake.

"Naima?"

Hakuweza kutoka. Wanawake walikuwa wamekaa vichwa wazi, na mwanamume mwenye adabu halifungui pazia lile hata nyumba ikiungua. Akaniita tena mara moja, kisha akanyamaza. Nilitaka kumwambia ni uongo, mpenzi wangu, vumilia kidogo nitakueleza. Lakini ningemwambiaje yeye bila kumwambia kila mtu?

Mtaniuliza nilifanya vile kwa wema? Sijui. Nilikuwa nimemchukulia Tabu kitu ambacho sikuwa na namna ya kumrudishia. Nikampa nilichokuwa nacho.

Bi Wahiba aliniangalia kuanzia kwenye ushungi hadi kwenye viatu. Nilidhani atanitemea mate. Badala yake akasema kwa huruma, na ile huruma ndiyo inayoniamsha mpaka leo, "Mtoto mdogo hivi."

Akamwashiria Alya amletee simu yake. Alya, na maua yake kichwani, akaileta.

"Mama, basi. Tuyaongee nyumbani."

"Yamekwisha kuongewa ukumbini. Tena kwa kinanda."

Akabonyeza, akaiweka sauti ya nje. Mkono mmoja simu na kipaza sauti vimebanwa pamoja, mkono wa pili kanishika mie. Ikaita. Spika zetu, zile zilizopiga mluzi tangu tulipoanza, safari hii zilikuwa safi kabisa.

"Naam, mama Alya," sauti ya Mzee Hashil ikajaa ukumbi. Nyuma yake wanaume walikuwa wanacheka, sahani zinagongana. "Wageni wako wamekwisha kula?"

"Wamekula. Mkeo mdogo ninaye hapa. Nimemshika mkono."

Kicheko cha wanaume kiliendelea upande ule. Yeye tukamsikia anatembea, mlango ukafungwa, kelele zikakatika.

Kwa mara ya kwanza nilimwomba Mungu mtu akane. Sema humjui, Mzee Hashil. Sema huna mke mwingine. Sema chochote.

"Wahiba," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka kubeba kitu. "Mke wangu, nakuomba usimwaibishe mbele za watu. Mwachie mkono. Somoe hana kosa, mie ndiye niliyemwomba tufiche."

Bi Wahiba akautazama mkono wangu ndani ya mkono wake. Akaniachia, kidole kimoja kimoja.

Vichwa vikaanza kugeuka, kila mtu akimtafuta mwenye jina hilo. Mstari wa tatu, Bi Somoe aliweka kisahani cha halua chini ya kiti, akaufunga vizuri ushungi wake wa kijani, akasimama.